Nepi Zilizonukia Udi

Na vigwe vya kufungia nepi pia nimevishona, Bi Khamisa mpendwa, zile pini kubwa nimeziacha dukani kama ulivyonishauri, maana uliposema kwamba mtoto hachomwi na pini ambayo haipo nilicheka peke yangu mpaka Mselem akaniuliza nacheka nini, nikamsomea, naye akasema huyo Bi Khamisa wako angefaa kupewa wizara, na Mselem ndiye mume wangu, sijui kama nilikutajia jina lake katika barua ya kwanza kwa kuwa nilikuwa na haya, lakini sasa ninaliandika popote penye nafasi. Shikamoo, nimesahau kukuamkia, unisamehe, siku hizi furaha na hofu vimenichanganyikia sijui nianze na lipi.

Utakumbuka nilikuomba njia ya kumshonea mtoto nepi bila kwenda kuzinunua Mombasa, kwa sababu tumeoana mfungo mosi uliopita, mara tu baada ya Ramadhani, na mtoto, Alhamdulillahi, hakutungoja tutulie, na kila kinachopatikana kinakwenda kwenye mabati ya nyumba tunayoijenga hapa Bongwe. Nawe ukanijibu gazetini kwamba nisinunue kitambaa kipya, kwamba nguo iliyokwisha kufuliwa miaka mingi ndiyo iliyo laini kwa ngozi ya mtoto, ukamalizia kwa maneno haya: "Fungua sanduku la mkweo." Nilikikata kipande hicho cha gazeti nikakibandika ukutani kando ya picha yetu ya arusi, na nimekitazama mara nyingi kuliko hiyo picha.

Nyumba yetu haijaisha, kwa hiyo tunakaa kwa mavyaa wangu, Bimkubwa, ambaye ni mjane, na Mselem ndiye mtoto wake pekee, hakujaliwa binti, na siku niliyoingia nyumbani kwake alinishika mashavu mbele ya watu akasema binti aliyemngoja amekuja kwa mlango wa mbele. Mimi ninampenda mama huyo, Bi Khamisa, ninampenda kama ninavyompenda mwanawe ila kwa namna nyingine. Mselem ni dobi katika hoteli moja ya Wazungu kule Diani, anakunja mashuka mchana kutwa, na akirudi hunikunjia leso zangu pembe juu ya pembe kama mashuka ya hoteli, na ndiye aliyeniletea taulo zilizochakaa ambazo hoteli huwagawia wafanyakazi, nikazikata vipande vya kutia katikati ya nepi ili zinyonye, nikavishikiza upande mmoja tu ili vikianikwa vining'inie nje vikauke upesi. Hilo nililibuni mwenyewe na ninaomba uliandike kwa faida ya wengine.

Basi nikamwendea Mama kuomba kitambaa. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mikono yote imejaa, akaniambia nifungue fundo la leso yake nitoe ufunguo, niende mwenyewe, sandukuni kuna shiti kuukuu ya kitanda, hiyo niichukue nifanye nitakavyo. Akasema mtoto wake yeye alifungwa winda la leso kuukuu na hakudai taulo. Nikaenda. Ni sanduku la zamani, la njumu za shaba, na nilipoinua kifuniko nilikuta juu kabisa furushi limefungwa kwa kitambaa cha kijani, na harufu ya udi ikanijia usoni kama ya chumba cha arusi. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na bafta nyeupe, nyingi, imekunjwa vizuri, na juu yake bunda jipya la pamba, mche wa sabuni ambao haujaguswa, kichupa cha marashi, na karatasi iliyofungia vijiwe vyeupe vyenye harufu kali, ambavyo nilidhani ni dawa ya kuzuia nondo.

Sasa niambie wewe, Bi Khamisa, kitambaa cheupe, pamba, sabuni, marashi. Nimemaliza sekondari, nilifaulu vizuri somo la utunzaji wa nyumba, na mwalimu wetu alituandikia ubaoni mahitaji ya mtoto mchanga, yakawa ndiyo hayo hayo, isipokuwa hiyo dawa ya nondo. Nikaona wazi kwamba Mama amemwandalia mjukuu wake kwa siri na anaona haya kusema, na habari ya shiti kuukuu ni kisingizio tu cha kunifanya nifungue sanduku nijionee mwenyewe. Shiti nayo niliiona, chini kabisa, imepata manjano na ina viraka. Sikuigusa. Nililia pale pale juu ya sanduku kwa jinsi nilivyopendwa, kisha nikalichukua furushi lote.

Nikairowesha bafta katika maji ya moto na sabuni ili irudi kabla ya kukatwa, haikurudi hata kidogo, nikaisifu kwa ubora wake. Nikaipeleka kwa jirani yetu Mukonyo, mke wa Kitheka, wale waliohamia kutoka Ukambani kulima, maana Mukonyo ana cherehani ya mkono na huniazima bila maneno. Yeye alishika mkasi, mimi nikapima, tukakata mraba kwa mraba, kila nepi tabaka mbili na taulo katikati. Mukonyo alikipapasa kile kitambaa akasema, "Wewe, nguo nzuri hivi, na mtoto ataijaza tu." Nikamwambia bibi yake ndivyo alivyotaka. Na kila nepi niliitia pembeni nyuzi tatu, nyeusi, nyekundu na kijani, kwa sababu mwezi ujao nchi yetu inakuwa Jamhuri na huyu atakuwa mtoto wa Jamhuri, Mselem alipoziona, kwa furaha akazitia wanga zote akazipiga pasi, zikasimama mezani kama kadi za mwaliko. Ilinibidi nizifue tena.

Ndipo nilipozianika uani, kamba nzima, na Mama akatoka jikoni akasimama mbele yake. Akashika moja kwa vidole viwili.

"Shiti yangu imekuwa mpya," akasema.

Nikacheka, nikambusu mkono, nikamwambia, "Mama, siri yako nimeshaijua, na Mungu akulipe."

Akanitazama. "Umeijua?"

"Tangu nilipolifungua lile furushi."

"Haya," akasema. Akaipeleka nepi puani, akakaa nayo hapo kidogo, kisha akairudisha kambani akainyoosha pembe zake. "Mshono wako mzuri." Akaingia ndani kuswali, ingawa adhuhuri ilikuwa bado, nami nikasema moyoni, mcha Mungu namna gani mama huyu niliyejaliwa.

Siku chache baadaye akaja shoga yake, Bi Mbeyu, anatoka mazikoni Msambweni, amechoka na ana hasira, anasimulia jinsi jamaa za marehemu walivyohangaika duka hadi duka kutafuta bafta na maiti amelala ndani, na kwamba watu wa siku hizi hujiandaa kwa kila safari isipokuwa ile moja. Mimi nilikuwa ninawamiminia chai.

"Mimi sitamhangaisha mtu," Mama akasema. "Sanda yangu marehemu Mbwana alininunulia Makka, akaiosha kwa zamzam kwa mikono yake mwenyewe. Kitambaa, pamba, sabuni, marashi, karafuu maiti. Vyote vimo sandukuni." Kisha akanigeukia mimi. "Au sivyo, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama," nikasema, nikaendelea kumimina mpaka kisahani kikajaa na chai ikashuka kwenye mkeka.

Bi Khamisa, sikujua. Kwetu msichana ambaye hajaolewa haingizwi anapooshwa maiti, na mimi nilitoka shule nikaingia arusini, sanda nimeziona kwa mbali tu, zikiwa zimekwisha kufungwa na kufunikwa. Vile vijiwe nilivyodhani ni dawa ya nondo ndiyo karafuu maiti, nilivitia katika kabati la nguo za Mselem. Na maji ya zamzam nimeyafua kwa sabuni ya mche. Mbwana ndiye baba yake Mselem, alikuwa baharia wa meli kubwa, alihiji mara moja, akarudi na furushi hilo, na haukupita muda mrefu akafariki, kwa hiyo kitambaa kile ndicho kitu cha mwisho alichomfanyia mkewe kwa mikono yake, nami nimekitia nyuzi za bendera.

Nilimwambia Mselem. Akainuka akaitazama kamba, akarudi. Hakunigombeza, hajawahi kunigombeza, na ninaomba Mungu asiwe na sababu. Akasema Mama hasomi wala haoni vizuri siku hizi, na kwamba Mama hulitoa sanduku uani kila mwaka Shaaban inapoandama, akaianika sanda juani na kuifukiza udi, basi sisi tufanye haraka kabla ya hapo. Atanunua bafta dukani Ukunda. Yeye ni dobi, anajua kukizeesha kitambaa, atakichemsha, atakipausha juani, atakipiga pasi kwa mikunjo ile ile, na mimi nitakifukiza juu ya chetezo mpaka kinukie, tutalifunga furushi kama lilivyokuwa na Mama atalala kwa amani hajui kitu. "Tunamwongopea kwa kumpenda," akasema, na alivyosema hivyo akiwa amenishika mkono niliona ni sawa kabisa, lakini alipokwenda kazini nikaona si sawa tena.

Na kuna jambo jingine ambalo hata Mselem sijamwambia. Ninaogopa kwamba nimemshonea mwanangu sanda kabla hajazaliwa. Ninazitazama zile nepi kikapuni na siwezi kuzigusa, chakula hakipiti kooni, na Mama, ambaye kila alasiri hunikanda mgongo kwa mafuta ya nazi, bado anakuja na kikombe chake cha mafuta na kunikanda vizuri vilevile, ila haongei kama zamani, nadhani ni uzee au ni jua la siku hizi. Naomba unijibu neno moja tu, Bi Khamisa, kwamba shauri la Mselem linafaa, nami nitalifanya na moyo wangu utatulia. Na tafadhali usitaje majina yetu.

Ni mimi bibi arusi mwenye raha nyingi na hofu moja, Bongwe.

*

Marahaba, binti yangu. Majina yote nimeyageuza kama ulivyoomba. Sanduku, taulo, mabati na nyuzi za bendera sikuweza kuvigeuza.

Neno moja ulilolitaka ni hapana. Sasa kaa chini nikupe mengine.

La mtoto kwanza, kwa kuwa hilo ndilo linalokunyima chakula na yeye ndani anakula unachokula wewe. Bafta ni bafta. Hiyo hiyo hushonwa kanzu za sikukuu na foronya za maharusi. Haikuwa sanda ila kwa nia ya mwenyewe, na haikuwa nepi ila kwa mkasi wako, wala haina habari na mwanao. Anayetupokea duniani na anayetuaga huhitaji vitu vile vile, maji, sabuni, pamba na kitambaa cheupe, kwa hiyo furushi lile hukulisoma vibaya sana. Ulikosea mwenyewe wa furushi tu. Kula.

Makosa sasa. Uliambiwa shiti, ukaiona shiti, ukaiacha kwa kuwa ina viraka. Hilo ni lako na mapenzi hayalifuti. Mtu akikuambia chukua hiki, akawa ana mikono yenye tui na hawezi kuja kukuonyesha, unachukua hicho hicho alichokitaja, na kingine chochote unarudi unauliza. Ingekugharimu hatua chache kutoka chumbani mpaka uani. Na mimi langu ninalo. Niliandika "Fungua sanduku la mkweo." Ilinipasa kuandika "Mwombe mkweo akufungulie." Niliona neno fupi linapendeza gazetini. Kibandue hicho kipande ukutani, picha ya arusi inatosha.

Mumeo ana mikono mizuri na moyo mzuri, na shauri lake ni baya. Umeniandikia mwenyewe kwamba Bimkubwa hana binti, ana wewe. Basi siku yake ikifika, Mungu aicheleweshe, nani ataingia chumbani na waoshaji? Nani atalifungua furushi? Utakuwa wewe, mke wa mtu na mama wa watoto, si msichana wa kuwekwa mbali. Wenzako watasema masikini, hii ni ile ya Makka, aliyoiosha marehemu mumewe, nawe utakuwa unaikunjua mikunjo ya pasi ya Mselem na kuitika ndiyo. Umeshaitika ndiyo mara moja na chai ikamwagika. Hiyo ya pili hutaweza kuifuta na kitambaa cha jikoni.

Lakini hayo yote ninayasema kwa faida ya wasomaji wengine, maana shauri la Mselem lilikufa kabla hajalitoa. Mkweo anajua.

Isome upya barua yako, binti yangu, mimi nimeisoma mara mbili na miwani. Mwanamke ambaye kila Shaaban ameitoa sanda yake akaifukiza kwa mkono wake, kitambaa cha mumewe, unadhani akikishika kwa vidole viwili hatakijua? Macho yake yamepungua, pua haikupungua. Alikuambia shiti imekuwa mpya. Huo ulikuwa mlango, kakufungulia, ili useme "Mama, sikuchukua shiti." Wewe ukacheka ukambusu mkono. Kisha akaenda kuswali kabla ya wakati wake, na wewe ukamsifu. Alipokuja shoga yake akakufungulia mlango wa pili, akavitaja vitu vyote kimoja kimoja, na hakuwa anamtajia Mbeyu, Mbeyu anajua sanda ni nini. Alikuwa anakutajia wewe. Akakuuliza kabisa. Na tangu hapo anakukanda mgongo kimya, nawe unalisingizia jua.

Na penye moto ni hapa. Ulimwambia siri yake unaijua, tangu ulipolifungua furushi. Wewe ulikusudia zawadi. Yeye alisikia nini? Alisikia kwamba mkwewe aliyesoma alilifungua furushi, akaijua sanda, akaikata akijua, akamshukuru kwa kumbusu mkono. Hilo ndilo analolala nalo. Hajakufukuza, hajamwambia mwanawe, hajawaambia majirani, na bado anakuletea mafuta kwa ajili ya mjukuu. Nimeishi miaka mingi na sijui kama mimi ningeweza. Kwa hiyo unachokilinda kwa kunyamaza si amani yake. Amani yake unayo wewe, na inampasa aisikie kutoka kinywani mwako.

Fanya hivi. Siku utakayoipata barua hii, ungoje alasiri, kabla hajatia mikono kwenye mafuta. Kusanya kila kitu kikapuni, nepi zote, pamba, sabuni, marashi, na ile karafuu maiti iliyomo katika nguo za mumeo, pamoja na vipande vilivyobaki sakafuni kwa Mukonyo kama havijachomwa. Keti chini mkekani, si kitini. Usimweleze habari ya mwalimu wako na ubao wake. Usimwambie unavyompenda, analijua hilo na wakati huu halimsaidii. Sema: "Mama, nilidhani umemwandalia mtoto. Sikujua kuwa ni sanda yako mpaka uliposema mbele ya Bi Mbeyu, na hapo niliogopa." Basi. Kisha nyamaza, ingawa najua kunyamaza ni kazi ngumu kwako. Akikasirika, mwache akasirike mpaka hasira iishe. Akilia, usimkimbilie na leso, kaa. Mselem asiseme kwa niaba yako, na akae mbali na pasi yake.

Halafu muulize yeye anataka nini. Kitambaa bado ni chake, hata kikiwa miraba. Akisema mtoto avae, mtoto atavaa na wewe utakula ukishiba. Akisema zirudi sandukuni, zitarudi na nyuzi zake za bendera, na wala usizifumue mpaka akuambie. Akisema hataki kuziona, mpe Mukonyo azihifadhi. Usimchagulie.

Bafta mpya inunuliwe, lakini waziwazi, na aichague yeye, aishike dukani kwa vidole vyake. Mahujaji wataondoka Mombasa kwa meli baada ya Ramadhani, na miongoni mwao yumo mama mmoja mtulivu wa mtaa wangu ambaye nimeshamwomba, ataichukua bafta hiyo na kuiosha kwa zamzam. Lakini usije ukamwambia mkweo kwamba itakuwa sawa na ile. Ile iliyooshwa na Mbwana haipatikani dukani wala Makka, na akiona kwamba unalijua hilo atakusamehe upesi zaidi.

Na nepi utazihitaji vilevile, mtoto hangoji mambo ya watu wazima yaishe. Itoe ile shiti kuukuu kama ulivyoambiwa tangu mwanzo. Shiti huchakaa katikati, kingoni hubaki imara, kwa hiyo kingo zifanye tabaka la nje na katikati palipolainika pamguse mtoto. Viraka vifumue. Taulo yako ya kushikizwa upande mmoja ni akili njema na ninaiandika hapa kwa jina la Bibi Arusi wa Bongwe, wasomaji waige. Suuza mpaka maji yatoke meupe, anika juani, na umwambie Mselem kwamba akitia tena wanga nepi, azivae yeye kwanza.

Jibu hili ninakutangulizia kwa posta. Gazetini litatoka wiki inayofuata, na unajua kwamba huko Ukunda gazeti husomwa kwa sauti barazani pa duka, na Bi Mbeyu ana masikio. Ulichopewa ni wiki, kitumie.

Nami nina neno langu la kumwambia Bimkubwa, kuhusu mtu anayewaamuru wakwe za watu wafungue masanduku yasiyo yao, na neno hilo siwezi kulitia katika bahasha. Nitafika Bongwe mwezi huu huu wa Rajabu. Msinipikie makubwa. Nikiingia uani sitauliza kitu, nitaitazama kamba ya nguo tu, na nikiiona ile shiti ya manjano imekatwa na kuanikwa, nitajua kwamba ulisema, nitakaa ninywe chai. Nisipoiona nitasema mwenyewe. Kwa vyovyote nitakuwa hapo kabla mwezi haujaisha na Shaaban haijaandama, kabla sanduku halijatolewa juani.